UZI: Wakutubi wa eneo moja, tuanze kwa kuazimana vitabu, bajeti tutaidai tukiwa na hesabu moja

KadiKatalogi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Humu jukwaani swali lile lile linarudi kila mara kwa sura tofauti: maktaba za eneo letu hazisikilizwi, tufanyeje? Majibu huwa mawili, "undeni chama" na "andikeni barua". Sina ugomvi nayo, ila yanatangulizwa mno. Chama kisicho na kazi ya kila wiki hufa kikao cha tatu, na barua isiyo na hesabu nyuma yake huishia kwenye faili la masijala. Nauweka uzi huu kwa mpangilio mmoja: wakutubi wazoeane kwa kufanyiana kazi, kisha wahesabu kwa namna moja, ndipo wadai. Anayeona nimepotoka anirekebishe.

Daftari la maktaba

Kabla ya kikao chochote, jueni nani yupo. Msiishie kwenye maktaba za umma. Andikeni za shule, vyuo, hospitali, magereza, nyumba za ibada, mahakama, taasisi za utafiti na vituo vya jamii. Wengi wanaozisimamia hawaitwi wakutubi kabisa. Ni mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo au karani wa kumbukumbu. Waingizeni bila kuwauliza vyeti. Huyo mwalimu wa ufunguo ana shida ya mtandao kuliko sisi wote.

Kila maktaba iwe na mstari wake: jina, aina, anayehusika na wadhifa wake, simu ya ofisi, barua pepe ya taasisi, saa za kufungua, mada ilizojaa, programu inayotumia (au kadi, au daftari tu), na mtu wa pili wa kuwasiliana naye. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa mtandao. Mkutubi akihamishwa au akistaafu, maktaba nzima hupotea kwenye daftari kwa sababu namba iliyokuwapo ilikuwa ya mfukoni mwake.

Mkimfuata mtu mara ya kwanza msimwombe mchango wala uanachama. Muulizeni mambo mawili tu: una nini cha ziada, na umekosa nini? Majibu yaandikwe humo humo kwenye mstari wake. Mkifikisha maktaba kumi mtaona zinazolingana: huyu ana nakala tatu za kitabu cha takwimu zinazokula vumbi, yule anakitafuta.

Kikao cha kwanza

Watu 8 hadi 12 wanatosha, kwenye maktaba ya mmoja wao, dakika 90 zisizozidi. Dakika 10 za kujitambulisha, kila mtu na ziada yake na upungufu wake. Dakika 20 kuzungushwa ndani ya maktaba mwenyeji, pamoja na chumba cha nyuma ambako vitabu hupokelewa, hupigwa mhuri na kuvikwa majalada. Humo wakutubi hujifunza zaidi kuliko kwenye hotuba. Dakika 40 za jambo moja la kazi (kwa mfano, vitabu visivyorudi). Dakika 15 za makubaliano. Tano za mwisho ni tarehe na mwenyeji wa kikao kijacho, na hapo msiondoke bila kuvitaja.

Muhtasari utoke ndani ya siku mbili, nusu ukurasa: nani atafanya nini, lini. Ukitoka baada ya wiki mbili hakuna atakayeusoma, na kazi zilizogawiwa zitakuwa zimesahaulika.

---

BiMarejeo

Nakazia hapo kwenye dakika 90, na naongeza kwa niaba ya wanaofanya kazi peke yao. Mkutubi wa peke yake akitoka, maktaba inafungwa. Kwa hiyo "njooni kikaoni" kwake maana yake ni "fungieni wasomaji nje", na mwajiri akiona hivyo mara mbili ruhusa inakwisha.

Dawa zake tatu. Siku ya kikao izunguke, leo Jumanne, mara ijayo Alhamisi, ili asiumie mtu yule yule kila mara. Maktaba yenye watumishi wengi iazimishe mtumishi mmoja kwa nusu siku akae kwenye kaunta ya jirani. Inawezekana kabisa iwapo wakuu wote wawili wameandikiana. La tatu ni barua kwa mkuu wa taasisi yake, itumwe kabla ya kikao na iseme taasisi itapata nini, siyo mkutubi atafaidika nini. "Kikao kitamalizika na utaratibu wa kuazimana, ambapo wanafunzi wako watapata vitabu vya maktaba nyingine sita" ni sentensi inayopata sahihi. "Kikao cha kubadilishana uzoefu" haipati.

---

MpigaMhuri

Mwanzisha uzi umenishangaza kidogo. Katiba na usajili unaviweka wapi? Bila usajili huna akaunti ya benki, huna muhuri, na ofisi yoyote itakuuliza "ninyi ni nani?"

---

KadiKatalogi

Mkuu MpigaMhuri, sivikatai, navichelewesha. Mkianza na katiba, vikao vitatu vya kwanza vinaliwa na nani awe mwenyekiti na kiingilio kiwe kiasi gani. Wale wa kazi wanachoka, wanabaki wa vyeo. Subirini mpaka mambo mawili yatokee: mna huduma moja inayokwenda kila mwezi bila kusukumwa, na kuna fedha inayotaka kupita mikononi mwenu. Fedha ikishaonekana, sajilini upesi, watia sahihi wawe watatu na hundi ihitaji wawili, tena wasitoke taasisi moja.

Kabla ya hapo tumieni mwavuli wa chama cha kitaaluma cha taifa kama kipo. Vingi vina nafasi ya matawi au makundi ya eneo, na mara nyingi tawi halihitaji usajili wake. Barua yenu itakuwa na kichwa cha chama, na swali la "ninyi ni nani" limejibiwa.

---

RafuYaTatu

Upande wa kuazimana baina ya maktaba niuchukue mimi, maana ndipo mitandao mingi inapojengeka au kuvunjika.

Makubaliano yawe ya ukurasa mmoja, yatiwe sahihi na wakuu wa taasisi, siyo wakutubi peke yao. Yaseme: vitabu visivyozidi 3 kwa ombi, muda siku 28, nani anagharamia usafirishaji, na kitabu kikipotea, maktaba iliyoazima inaleta nakala ya toleo lile lile au jipya zaidi, haileti fedha. Mkikubali fedha mtaanza kubishana bei ya kitabu cha miaka kumi iliyopita. Visivyotoka: kamusi na ensaiklopidia za marejeo, nakala adimu, majarida ya mwaka huu, na vitabu vya kiada wakati wa mitihani.

Mdaiwa ni maktaba, siyo msomaji. Msomaji wa jirani akipoteza, maktaba yake ndiyo inayojibu, kisha inamalizana naye yenyewe. Mkichanganya hapa mtajikuta mnamfukuzia mtu msiyemjua kwa simu.

Sasa pale inapoharibika. Mkataba umesema siku 28, lakini zinahesabiwa kuanzia wapi? Mwazimishaji anahesabu tangu kitabu kilipotoka kwake, mwazimaji tangu kilipofika, na katikati kitabu kilikaa siku sita kwenye gari. Andikeni: "tangu siku ya kupokelewa". Halafu maktaba iliyoazima impe msomaji wake tarehe iliyo siku 7 kabla ya ile ya mkataba, ili akichelewa siku chache bado kitabu kiwahi. Msiisahau hiyo wiki.

Fomu ya ombi iwe na nakala tatu. Moja inabaki kwa mwombaji, moja kwa mwazimishaji kwenye nafasi ya kitabu rafuni, ya tatu inasafiri ndani ya kitabu. Msibandike chochote kwenye jalada la kitabu cha wenyewe. Mkanda wa karatasi unaozunguka jalada unatosha, wenye jina la maktaba mmiliki na tarehe ya kurejesha, na ukirudi kaunta unachanwa tu.

---

Lahajedwali01

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye fani. Mtu atajuaje jirani ana kitabu gani? Katalogi ya pamoja si inahitaji seva na programu ya fedha nyingi?

---

RafuYaTatu

Haihitaji, ndugu. Anzeni na lahajedwali moja la pamoja (jedwali la kompyuta, kama la Excel), na msijaribu kuingiza vitabu vyote. Ingizeni vitu viwili: majarida, na zile mada ambazo kila maktaba imejaa. Mkijaribu kila kitu mtaishia herufi B.

Safu zenyewe: ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu), mwandishi (jina la ukoo kwanza), kichwa, toleo, mwaka, namba ya uainishaji, alama ya maktaba. Alama iwe ya herufi tatu au nne, ikubaliwe mapema, isibadilike.

Tahadhari ya ISBN: kabla ya kuingiza chochote, safu hiyo iwekeni kama maandishi, siyo namba. Excel ikiona tarakimu 13 inaandika 9.78E+12, na ISBN za zamani za tarakimu 10 zinazoanza na sifuri zinapoteza sifuri hiyo. Ukishahifadhi faili katika hali hiyo, kurekebisha kunaweza kuwa kurudi rafuni. Kumbukeni pia ISBN za tarakimu 13 zilianza kutumika Januari 2007, kwa hiyo kitabu cha kabla ya hapo kinaweza kuwa na ya 10 tu, na ile ya 10 inaweza kuishia na X. Siyo kosa la chapa, msiifute.

Walio na Koha au programu nyingine inayotoa rekodi za MARC 21 (muundo wa kimataifa wa rekodi za katalogi) wasichape upya. Watoe rekodi, wachukue sehemu nne: 020 ni ISBN, 100 mwandishi, 245 kichwa na 082 namba ya Dewey, yaani ya uainishaji. Zinaingia kwenye lahajedwali vizuri. Koha ni programu huria, ilitokana na maktaba ya Horowhenua huko New Zealand na ikaanza kutumika mwaka 2000. Anayesema programu ya maktaba lazima inunuliwe ana lake jambo.

---

BiMarejeo

Kabla hatujahamia kwenye utetezi, tuseme neno kuhusu kundi la WhatsApp, kwa sababu kila mtandao unaanzia huko na mingi inazikwa huko.

Kundi liwe la maswali ya kazi. Salamu za asubuhi, mahubiri na siasa zina makundi yake. Admini wawe wawili kutoka taasisi tofauti. Mara moja kwa mwezi mtu mmoja akusanye maswali yaliyojibiwa na kuyaweka kwenye faili la pamoja, maana jibu zuri lililoandikwa mwezi wa pili halionekani tena mwezi wa nne.

Mambo mawili yasivumiliwe hata siku moja. Moja ni kurushiana PDF za vitabu vilivyonakiliwa bila ruhusa. Siku mtakapokaa na wachapishaji au na ofisi ya hakimiliki, picha ya skrini ya kundi lenu itawafunga mdomo. Pili ni kutaja wasomaji. "Fulani wa chuo fulani hajarudisha, mkimwona mnijulishe", tena na picha ya kitambulisho chake! Anachosoma mtu na anachodaiwa ni siri yake na maktaba yake. Kanuni za Maadili za IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba) za mwaka 2012 zimelisema hilo bayana. Mtandao unaoanika wasomaji hauna uso wa kusimama mbele ya watu kutetea haki ya kusoma.

---

KadiKatalogi

Asante BiMarejeo, umenipunguzia kazi. Sasa hesabu. Hapa nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Maktaba tano zikienda kwa mtoa bajeti na takwimu tano zilizohesabiwa kwa njia tano, atakayeziua ni mhasibu mmoja tu mwenye swali moja: "Mbona maktaba ndogo ina wasomaji wengi kuliko kubwa?" Mkianza kuelezana mbele yake mmekwisha. Kubalianeni fasili kwanza. Hakuna haja ya kuzibuni; kiwango cha kimataifa ISO 2789 kinahusu takwimu za maktaba, na ISO 11620 kinahusu viashiria vya utendaji. Hata msiponunua nyaraka zenyewe, haya manne yanawatosha kuanzia.

Wanachama. Msitaje walioandikishwa tangu maktaba ifunguliwe. Humo mna waliohama, hata waliofariki. Tajeni wanachama hai: walioazima angalau mara moja ndani ya mwaka wa taarifa. Namba itashuka vibaya sana mwaka wa kwanza. Ishuke tu. Ndiyo pekee mtakayoweza kuitetea.

Maazimo. Kuongezewa muda kuwe na safu yake. Maktaba inayoongeza muda mara tatu na kuhesabu kila moja kama azimo jipya inajipa kitabu kimoja mara nne.

Maswali ya marejeo. "Choo kiko wapi" na "mnafunga saa ngapi" hayahesabiwi. Linahesabiwa swali lililomfanya mkutubi atumie chanzo cha taarifa au ujuzi wake wa vyanzo kulijibu.

Vilivyosomwa humo humo. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na kwenye maktaba za wanafunzi huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Wekeni bango mezani: vitabu viachwe mezani, visirudishwe rafuni. Kila baada ya saa mbili viokotwe, vihesabiwe kwenye toroli kabla ya kurudishwa. Msomaji akivirudisha mwenyewe kwa adabu, ushahidi umepotea.

Hamna nguvu ya kuhesabu kila siku? Chukueni sampuli: wiki mbili za kawaida kila robo mwaka, maktaba zote wiki hizo hizo. Wiki za mitihani, sikukuu na likizo msizichague, hata kama zinapendeza.

---

MpigaMhuri

Kwenye mahudhurio vipi? Kuna maktaba zina kihesabu cha mlangoni, nyingine zina daftari la kusaini. Daftari linaonyesha watu 60, mashine jirani inaonyesha 400.

---

KadiKatalogi

Vyote viwili vinadanganya, kila kimoja upande wake. Daftari linapunguza kwa sababu watu hawapendi kusaini, hasa foleni ikiwepo. Kihesabu cha mlangoni, cha mwali wa mwanga, kinaongeza: kinahesabu kuingia na kutoka, mtumishi anayepita na toroli, mtoto anayechezea mlango. Hapo hapo, wawili wakipita bega kwa bega kinawahesabu mmoja.

Kipimeni. Mtu akae karibu na mlango saa moja ya msongamano na saa moja ya utulivu, ahesabu kwa mkono wanaoingia tu, watumishi wasiwemo. Tuseme mkono umepata 84 na mashine imesoma 192. Gawanya 192 kwa 2, unapata 96. Kisha 84 gawanya kwa 96, ni 0.875. Tangu hapo usomaji wowote wa mashine ugawe kwa 2 kisha uzidishe kwa 0.875. Rudieni kipimo kila nusu mwaka, na kila mlango au kaunta inapohamishwa. Daftari la kusaini nalo lipimwe hivyo hivyo, ila lenyewe halina kugawa kwa 2.

Na kwenye taarifa andikeni mstari mmoja mdogo chini ya jedwali: namba imepatikanaje. Mhasibu akiuona anaacha kutafuta kosa.

---

Mfuatiliaji_wa_Bajeti

Nimesoma kimya kimya hadi hapa. Mimi nachangia upande wa wanaopokea hayo maombi yenu, maana wakutubi wengi wanakuja siku mbaya, kwa mtu asiyehusika, na karatasi nyingi mno.

Siku. Bajeti haiandikwi siku inayopigiwa kura. Maofisa hukusanya makadirio miezi mingi kabla. Ulizeni tarehe mbili tu: waraka wa kuandaa makadirio unatoka lini, na rasimu inafungwa lini. Ombi lenu liwe mezani kabla ya rasimu kufungwa. Baada ya hapo, ili ninyi mpate lazima mtu mwingine akatwe, na huyo mtu naye ana marafiki.

Mtu. Chukueni karatasi, andikeni majina manne kwa vyeo: anayeandika rasimu, anayemshauri, anayepitisha, anayeweza kuzuia. Mara nyingi mnamwendea anayepitisha kwa sababu ndiye maarufu, kumbe aliyeandika rasimu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuingiza kifungu. Mwalikeni huyo aje aione maktaba saa ya msongamano, siyo saa ya ufunguzi na maua.

Karatasi. Ukurasa mmoja. Ombi liwe mstari wa kwanza, siyo historia ya maktaba. Mfano: "Tunaomba maktaba 4 zifunguliwe hadi saa 2 usiku, siku 3 kwa wiki, kwa majaribio ya mwaka mmoja." Chini yake gharama yote, ikiwa imechambuliwa: posho za watumishi, umeme, ulinzi. Halafu namba tatu, zisizidi tatu. Halafu mstari mmoja wa kitakachotokea lisipotolewa. Mwisho jina na simu ya mtu anayeweza kujibu swali siku hiyo hiyo.

Jambo jingine: ombi moja kwa mtandao mzima. Maktaba nne zikileta maombi manne tofauti, tunachagua la bei nafuu na kusema tumesaidia maktaba.

---

BiMarejeo

Mchango wa dhahabu. Sasa tahadhari kwa watumishi wa umma. Mkutubi mwajiriwa hawezi kusimama hadharani kumshambulia mwajiri wake, na kanuni za utumishi zinaweza kumbana hata kwa mambo madogo. Tenganisheni kutoa taarifa na kufanya kampeni. Kutoa taarifa (takwimu, gharama, hali ya jengo) kwa njia za ofisi ni kazi yenu ya kawaida, ifanyeni bila woga kwa maandishi. Kampeni waifanye wengine: wasomaji, wazazi, kikundi cha marafiki wa maktaba, chama cha kitaaluma. Nanyi wapeni hao takwimu zile zile mlizompa mkuu wenu, si zaidi, ili asije akaona kwenye redio namba ambayo hakupewa.

Na wakati wa uchaguzi, maktaba isipige picha na mgombea mmoja. Ikibidi, walikeni wote kwa barua moja yenye maneno yale yale, hata asiyekuja awe amealikwa.

---

Lahajedwali01

Mkuu, hizi ilani za kimataifa zina kazi gani? Naona watu huzibandika ukutani tu.

---

KadiKatalogi

Zina kazi ukizitumia kwa kipande. Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO ilitoka mwaka 1949, ikarekebishwa 1972, ile ya 1994 ikatolewa pamoja na IFLA, na ya sasa ni ya 2022. Bado kuna watu wananukuu ya 1994 na kudhani ni mpya. Usimsomee mtoa bajeti ilani nzima. Chukua sehemu moja inayolingana na ombi lako: kwamba huduma ya maktaba ya umma kimsingi iwe bure, au kwamba ni wajibu wa mamlaka za eneo na za taifa kuigharamia, na iwe na sheria yake. Ukidai kiingilio kifutwe unatumia ya kwanza, ukidai kifungu cha bajeti unatumia ya pili. Basi.

Ajenda ya 2030 ya Umoja wa Mataifa, ya maendeleo endelevu, vile vile. Ina malengo 17 na shabaha 169. Ukisema "tunachangia malengo yote" hujasema kitu. Shabaha ya 16.10, kuhusu umma kupata taarifa, ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Kama mpango wa maendeleo wa eneo lenu umeandikwa kwa namba hizo, weka yako kwenye ukurasa ule mmoja, mstari mmoja, uendelee.

Mkataba wa Marrakesh ni habari nyingine, ule una meno. Ulipitishwa Juni 2013 na ukaanza kufanya kazi tarehe 30 Septemba 2016. Unaruhusu kutengeneza nakala zinazofikika kwa wasioona na wenye ulemavu mwingine wa kusoma maandishi bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na taasisi zilizoruhusiwa kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Angalieni mambo mawili: nchi imejiunga? Na sheria yake ya hakimiliki imerekebishwa kuufuata? Pale ambapo la kwanza limefanyika na la pili bado, hapo pana kazi ya utetezi iliyo tayari kabisa, na mshirika wake ni chama cha wasioona. Ombi likitoka kwao na kwenu kwa pamoja, si rahisi mtu kuliita ombi la wakutubi kujitafutia vifaa.

---

MpigaMhuri

Nimekuelewa mkuu, japo kwenye usajili bado nasimama nilipo. Wafadhili hawatazungumza na lahajedwali. Swali langu la mwisho: ombi likikataliwa, au hata likikubaliwa, nini kinafuata?

---

Mfuatiliaji_wa_Bajeti

Likikubaliwa, shukrani ya maandishi ndani ya wiki moja, kwa mwandishi wa rasimu pia, siyo kwa mkubwa pekee. Baada ya siku 90 leteni taarifa ya nusu ukurasa mkitumia namba zile zile tatu za ombi. Msibadilishe kiashiria kwa sababu kimewaangusha. Semeni kimeanguka na kwa nini. Wengi hupata fedha wakapotea hadi mwaka unaofuata, wakirudi tunawaona kama wapya.

Likikataliwa, msiulize "kwa nini". Ulizeni: "Ni taarifa ipi ilikosekana, na tuilete hatua ipi ya bajeti ijayo?" Jibu liandikweni kwenye muhtasari pamoja na tarehe, kwa sababu huenda ofisa huyo asiwepo mwakani.

---

RafuYaTatu

Na upande wenu pia anaweza asiwepo. Mratibu wa mtandao akihamishwa, makabidhiano yawe kwa orodha: daftari la maktaba, makubaliano yenye sahihi, fomu za maazimo ambayo hayajarudi, lahajedwali la pamoja, kalenda ya bajeti, na barua zote zilizokwenda na kurudi. Faili la pamoja lifunguliwe kwa barua pepe ya mtandao wenyewe, na nenosiri lake liwe kwa watu watatu. Vitabu vilivyo nje vikabidhiwe kimoja kimoja, kwa kulinganisha fomu iliyo rafuni na ile ya mwombaji. Isiyo na mwenzake ifuatiliwe wiki hiyo hiyo, mratibu wa zamani akiwa bado anapokea simu.